Kuumeni na kukeni: vinasaba vya watu wa pwani vinasema nini kuhusu baba zetu na mama zetu

Mwalimu wa Mkomani

Assalaam alaykum, ndugu wa Lamu, Malindi na kwingineko. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu mwezi uliopita na kuacha mzozo katika ukoo ambao mpaka leo haujapoa.

Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, alipeleka kichupa cha mate ng'ambo kupimwa vinasaba. Majibu yaliporudi tulikuwa tumeketi dakani baada ya swala ya Alasiri, na kijana akatusomea kutoka kwenye simu. Kuumeni aliandikiwa kundi la J2, ambalo asili yake ni Asia ya Magharibi na ambalo hupatikana kwa wingi Uajemi na Iraki. Kukeni aliandikiwa L3, kundi lililozaliwa Afrika Mashariki miaka mingi mno kabla hakujakuwa na mji wowote duniani. Ami yangu mkubwa akainuka, akaingia ndani, akarudi na mkoba wa ngozi wenye karatasi ya nasaba yetu, akaikunjua juu ya baraza ya mawe. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha: sisi ni Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, na sasa hata mashine imekiri. Mpwa wangu, ambaye yuko chuo, akamjibu kwa adabu lakini bila kulegeza kwamba kundi la mama ndilo lisemalo kweli, na kwamba sisi ni Waafrika, basi. Wakatazamana, na chai ikapoa.

Nafundisha baiolojia, na naona wote wawili walishika uzi mmoja mmoja wakadhani wameshika kitambaa kizima.

Kromosomu Y, fungu la vinasaba ambalo wanaume peke yao wanalo, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na haipiti njia nyingine. Mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya ndani ya seli vinavyoipa nguvu, vina vinasaba vyao wenyewe, herufi 16,569 tu, na hivyo hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Lakini mtoto wa kiume akivipokea vinakoma kwake, na ni binti peke yake anayeviendeleza. Kwa kuwa nyuzi hizi mbili karibu hazichanganywi upya kila mtoto anapotungwa, husafiri vizazi na vizazi zikiwa na mabadiliko machache tu, na ndiyo maana wataalamu huzipenda. J2 ni kundi la uzi wa Y, na L3 ni kundi la uzi wa mitokondria. Vinasaba vingine vyote, ambavyo ndivyo vingi kupita kiasi, huchanganywa upya katika kila kizazi.

Sasa itazameni karatasi ya ami yangu. Ina majina 14, yote ya wanaume, fulani bin fulani bin fulani. Katika kizazi cha 14 kurudi nyuma, kila mtu ana nafasi 16,384 za mababu na mabibi, na ukijumlisha vizazi vyote 14 unapata nafasi 32,766. Bila shaka watu wale wale hujaza nafasi nyingi, hasa katika mji mdogo ambamo binamu huoana. Hata hivyo, karatasi imehifadhi majina 14, na J2 ya binamu yangu inafuata njia ya majina hayo hayo. Nayo L3 inafuata njia nyingine ya watu 14, wanawake watupu, ambao hakuna hata mmoja aliyeandikwa.

Nimesoma utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani yetu uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Machi 2023, na nitaueleza hapa kadiri niwezavyo. Waliouandika ni wengi, miongoni mwao Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na David Reich. Walipima mabaki ya watu 80 kutoka miji sita ya pwani, ikiwemo Manda na Faza za kwetu huku, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyo bara. Watu wa miji hiyo ya pwani walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitokana na Afrika, na sehemu hiyo ililetwa hasa na wanawake. Sehemu kubwa iliyobakia ilitoka Asia, na katika sehemu hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na iliyobaki ni ya Kihindi.

Mtauliza walijuaje upande upi uliletwa na wanaume na upi na wanawake. Walizitazama zile nyuzi mbili, lakini walitumia pia kromosomu X, na hii ndiyo njia inayonivutia mno. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja; kwa hiyo katika umma wowote theluthi mbili za kromosomu X zimo ndani ya wanawake. Ikiwa wageni waliokuja walikuwa wanaume zaidi, basi X za wajukuu zao zitakuwa na Uasia mchache kuliko kromosomu nyingine. Ndivyo ilivyoonekana.

Naomba tujadili kwa utulivu.

Mkaazi wa Malindi

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimekuelewa, ila naona unampunguzia ami yako haki yake. Kwa miaka mingi wasomi walituambia kwamba habari za Washirazi ni ngano za watu wanaoionea haya asili yao, na wazee wetu wakachekwa. Leo mifupa imesema Uajemi ulikuwapo. Je, si haki kusema kwamba wazee walikuwa na kweli?

Mwalimu wa Mkomani

Ni haki, ndugu yangu, na nisingependa nieleweke vinginevyo. Watafiti wenyewe wameandika kwamba matokeo yao yanaafikiana na habari za Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya wafalme wa mji huo waliosema walitoka Shirazi. Kabla ya mwaka 1500 hivi, vinasaba vya Asia ya Magharibi katika miji yetu vilikuwa hasa vya Kiajemi. Baada ya hapo vikazidi kuwa vya Kiarabu, kadiri maingiliano na kusini mwa Arabuni yalivyoongezeka. Ami yangu alipolisikia hilo alinyamaza kwa muda mrefu, na nilimwona akiipapasa karatasi yake kama mtu anayeshika mkono wa mzazi.

Lakini tuzisome hizo habari za kale hadi mwisho. Ali bin Hassan, mwana wa mfalme wa Shirazi, anapofika Kilwa anamkuta mwenyeji mwenye nchi, na kisiwa anakinunua kwa nguo. Katika habari za Pate, Mnabahani, mtu wa ukoo wa kifalme wa Omani, anapofika anamwoa binti wa mfalme wa pale, na ufalme unamjia kwa njia ya mkewe. Maana yake wazee hawakuficha kwamba kulikuwa na binti, na kwamba mlango wa mji ulifunguliwa kupitia kwake. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliosoma jina la mwanamume tukaruka la mke.

Kuna jambo la pili, nalo ni wakati. Vinasaba vya watu wawili wa asili tofauti vinapokutana, mtoto hupokea vipande virefu vya kila upande. Kila kizazi kinachofuata huvikata kuwa vifupi zaidi. Mtaalamu akipima urefu wa vipande anaweza kukadiria ni vizazi vingapi vimepita tangu mchanganyiko uanze, na makadirio ya utafiti huu ni yapata mwaka 1000, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea pwani kwa upana. Sasa nendeni Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Mji ule ulianza katika karne ya 8, na chini ya misikiti ya mawe palionekana alama za msikiti wa miti wa karne hiyo hiyo. Mji ulikuwapo, biashara ilikuwapo na watu walikuwa wakiswali kabla ya mchanganyiko huu kushika kasi. Na lugha tunayoandikiana sasa ni ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Maneno ya Kiarabu tunayo kwa maelfu, ya Kiajemi ni machache, lakini mifupa ya lugha ni ya huku. Lugha ya kwanza mtoto huipata mgongoni na mapajani mwa mama yake. Naamini mitokondria na ngeli za nomino vimetufikia kwa njia moja.

Binti Siyu

Nashukuru kwa maelezo, Mwalimu. Nina maswali mawili. Kwanza, mimi ni mwanamke, sina kromosomu Y. Nikitaka kujua upande wa kuumeni nifanye nini? Pili, kwetu Siyu tumekua tukisikia kwamba baadhi yetu tumetokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi karibu na Pate zamani za safari za Zheng He, yule amiri wa meli za Uchina. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hakika ya jambo hilo. Je, nikipima mitokondria yangu nitaona Uchina?

Fundi Maabara, Malindi

Dada yangu, Mwalimu akiniruhusu nitajibu hili kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Swali la kwanza. Kila jamaa yako ni mlango wa nyuzi fulani, na majina yetu ya ujamaa tayari yamezipanga. Kromosomu Y ya baba yako utaipata kwa baba mwenyewe, kwa kaka yako wa baba mmoja, kwa ami yako, au kwa mtoto wa kiume wa ami. Mjomba hafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa Y yake ni ya babu yako mzaa mama. Lakini mitokondria yake ni sawasawa na yako, na ya mama yako, na ya mama mdogo na watoto wake wote. Ukitaka uzi wa kike wa bibi yako mzaa baba, mpime shangazi, au baba mwenyewe angali hai, maana yeye anao ingawa hakukupa wewe. Watu wengi hutumia fedha nyingi kupima watu watatu wenye uzi mmoja, na shangazi amekaa pembeni hakuulizwa.

Swali la pili ni zito zaidi, nami nitalijibu kwa uwazi. Safari za Zheng He zilikuwa kati ya mwaka 1405 na 1433, na uhusiano wa Malindi na China wakati ule unajulikana. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Lakini mabaharia walikuwa wanaume. Baharia aliyeokoka akaoa Pate alikuja na mitokondria ya mama yake wa Kichina, na ikakoma kwake siku alipokufa. Watoto wake walibeba mitokondria ya mke wake wa Pate. Kwa hiyo hata kama bibi yako anasema kweli tupu, kipimo cha kukeni hakiwezi kumwonyesha baharia yule. Angeonekana katika Y, na hiyo ni iwapo tu kuna mlolongo wa wana wa kiume usiokatika hata mara moja kwa miaka 600, yaani vizazi 20 hadi 24.

Na vinasaba vingine? Katika kizazi cha 20 nafasi za mababu ni 1,048,576, ilhali vipande vya vinasaba ulivyorithi kutoka kizazi hicho havifiki elfu mbili. Mababu wengi wa umbali huo hawakuacha kwako hata herufi moja, na bado ni mababu zako kweli. Ndiyo maana nikiletewa jibu lisiloonyesha Uchina siwezi kumwambia mtu kwamba bibi yake alikosea.

Mzee wa Langoni

Wanangu, nimewasoma kwa makini na nimefurahi kuona mnajadiliana kwa heshima. Nataka kuongeza jambo ambalo vijana wa siku hizi wanaanza kulisahau. Katika nyumba za mawe za mji huu wa Amu, yaani Lamu, baba alipopata mtoto wa kike alianza kufikiri nyumba. Akiwa na uwezo alimjengea yake, na kama hana alimpandishia ghorofa juu ya nyumba ya mamake. Siku ya harusi ni bwana arusi aliyeingia nyumbani kwa mke. Mke alibaki na mama yake, na dada zake wakiwa jirani, hata mara nyingine wakapitiana kwa wikio, yaani daraja linalounganisha nyumba juu ya njia, bila kushuka chini. Mume angeweza kuwa ametoka Pate, Barawa au Hadhramauti; nyumba ilikuwa ya mke. Ndani kabisa, kwenye chumba chenye vidaka, ndiko walikozaliwa watoto na ndiko maiti walikooshwa. Je, desturi hii haiwezi kuwa imeacha alama katika hayo mnayoyapima?

Mwalimu wa Mkomani

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru mno, kwani umeligusa jambo ambalo nilitaka kulifikia bila kujua njia.

Desturi ya makazi huacha alama, na imewahi kupimwa. Mwaka 1998 Mark Seielstad na wenzake walionyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia kromosomu Y hutofautiana baina ya mahali na mahali kuliko mitokondria, wakaeleza kwamba sababu yake ni wake kuhamia kwa waume: wanaume hukaa walipozaliwa, na wanawake husambaza vinasaba vyao kijiji hadi kijiji. Mwaka 2001 Hiroki Oota na wenzake wakaenda kaskazini mwa Thailand, ambako makabila ya milimani yanaishi karibu karibu lakini mengine mke humfuata mume na mengine mume humfuata mke. Pale ambapo mume humfuata mke, mitokondria za kijijini zilifanana sana na Y zikawa za namna nyingi. Pale ambapo mke humfuata mume, mambo yaligeuka.

Mji ambao binti hahami na mume anatoka baharini ndio mji ambao ungetarajia uwe na mama wa asili moja na baba wa asili nyingi. Nikisimama kwenye ile njia nyembamba nyuma ya msikiti na kutazama wikio juu ya kichwa changu, naona mahali ambapo mitokondria ilipita kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga mchanga.

Binti Shela

Mwalimu na Mzee, sina nia ya kuharibu mazungumzo, lakini kuna akina mama ambao hawakuwa na nyumba. Masuria waliletwa kutoka bara na kuzalia ndani ya nyumba hizo hizo. Nao wamo katika hizo nyuzi za kukeni, au nimekosea?

Mwalimu wa Mkomani

Hujakosea, dada, na ni lazima lisemwe. Kwa sharia, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na aliingia nasaba ya baba sawasawa na ndugu zake. Mama yake hakuwa na karatasi ya kuandikwa. Utumwa ulifutwa rasmi katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani bibi wa wazee tulio nao leo waliuona. Mitokondria ya mwanamke yule iliingia katika watoto wake kama ilivyoingia ya mke wa ndoa, na kipimo hakina njia ya kutofautisha ndoa na ununuzi. Kinaonyesha mama alitoka upande gani. Hakionyeshi kama alikuja kwa hiari yake.

Ndiyo maana sipendi kulinganisha haraka haraka. Iceland wanaume waanzilishi walikuwa zaidi wa kutoka Skandinavia na wanawake wengi wa kutoka Ireland na Uskoti. Antioquia, huko Kolombia, karibu kila uzi wa kiume ni wa Ulaya na karibu kila uzi wa kike ni wa wenyeji wa Amerika, na kule tunajua mapanga yalivyofanya kazi. Namba zinaweza kufanana na historia zisifanane. Kwa pwani yetu karne ya 11, miji ilikuwa ya wenyeji, wenye biashara yao na mabinti wenye nyumba zao, na mimi naona ndoa za kibiashara na za heshima ndizo zilizotangulia. Kwa karne ya 18 na 19, siwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Isitoshe, mifupa mingi iliyopimwa ilitoka makaburi ya watu wa daraja la juu, mengi yakiwa karibu na misikiti. Wavuvi, wakulima wa mashamba ya bara na watumwa hawamo humo kwa kadiri inayostahili.

Mkaazi wa Malindi

Swali langu la mwisho, Mwalimu. Ukoo ukikosa watoto wa kiume, huwa tunasema umekatika. Je, vinasaba navyo hukatika?

Mwalimu wa Mkomani

Uzi wa Y hukatika, watu hawakatiki. Mtu mwenye mabinti watano na wajukuu 30 ameacha vinasaba vingi kuliko jirani mwenye mwana mmoja, ila Y yake imekwisha. Jambo hili limetokea kwa ukubwa wa ajabu: uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya miaka 5,000 na 7,000 iliyopita, katika sehemu nyingi za dunia, nyuzi za kiume zilipungua hadi kukadiriwa mwanamume mmoja kwa wanawake 17 kati ya walioacha uzi. Wengine walieleza mwaka 2018 kwamba huenda ni koo za upande wa baba zilizopigana, na ukoo mzima ukishindwa Y yake ilipotea pamoja nao.

Kuhusu ami yangu, nawaarifu kwamba juzi nilimpelekea maelezo haya yakiwa yamepigwa chapa kwa herufi kubwa, maana macho yake yamedhoofika. Aliyasoma yote. Kisha akamwita shangazi kutoka ndani, akamuuliza jina la mama wa bibi yao, na shangazi akamtaja bila kufikiri, akataja na mama wa huyo, na wa juu yake, na wa juu zaidi. Kwenye la tano alisita, akasema lazima tumuulize bibi mmoja aliyeko Matondoni. Ami alichukua kalamu akaandika majina manne nyuma ya karatasi ya nasaba, upande ambao ulikuwa mtupu, akaacha nafasi chini yake. Jumapili tunakwenda Matondoni.